Jina la Aliyeokotwa

Jumamosi ya kuelekea sikukuu ya Bikira wa Pilar, mlinzi wa mji wetu, Soko Kuu la Zaragoza hujaa mpaka mtu akishusha mkono hapati nafasi ya kuupandisha tena. Nieves Ansobarre alikuwa amesimama mbele ya meza ya samaki, amevaa koti la mvua la manjano na viatu vizito vya kazini, maana ndiyo kwanza atoke zamu ya asubuhi ya kuendesha tramu. Macho yake hayakubanduka kwa pweza. Walikuwa wachache, na wanawake waliomtangulia walikuwa wengi.

"Nani wa mwisho?" sauti ya mwanamume iliuliza nyuma yake. Hapa hatupangi mstari. Tunauliza nani wa mwisho, tunamkariri sura, kisha kila mtu anasimama anapotaka.

"Mimi," akajibu Nieves bila kugeuka.

"Basi ukiondoka wewe, zamu yangu."

Kwenye meza ya zeituni mwanamke mmoja akaita kwa sauti kubwa, "Pilar!" Nusu ya soko ikageuka. Aligeuka muuza jibini, akageuka mtawa aliyebeba vitunguu, akageuka bibi kizee kwenye kiti cha magurudumu. Yule mwanamume akacheka.

"Wewe hukugeuka."

"Siitwi Pilar."

"Katika mji huu? Wazazi wako walikuwa safarini?"

Nieves akageuka sasa. Aliona mtu mrefu, amevaa ovaroli ya bluu yenye doa la grisi kifuani, kichwa kimekatwa nywele vibaya na macho yanayocheka kabla ya mdomo. "Naitwa Nieves. Yaani theluji. Na nimezaliwa Agosti, jua linapasua mawe. Usiniulize."

"Nakuuliza."

"Nilizaliwa siku ya Bikira wa Theluji. Bibi yangu aliangalia kalenda, hakuangalia dirishani."

"Mimi naitwa Eloy. Mtakatifu wa wafua vyuma. Nami nikaishia kuwa fundi wa lifti, kwa hiyo kalenda ya kwetu haikukosea."

"Eloy nani?"

Hapo akavuta pumzi kidogo. "Eloy Expósito."

Kila mtu hapa anajua jina hilo limetokea wapi. Zamani ndilo walilopewa watoto walioachwa kwenye milango ya hospitali na nyumba za watawa, wasio na baba wala mama wa kuwapa lao. Leo limesambaa kote, lakini watu wakilisikia macho yao hupepesa mara moja, kisha hujifanya hawakusikia kitu. Eloy alikuwa ameuzoea upepeso huo. Huusubiri kama mtu anavyosubiri sindano.

Nieves hakupepesa. Alisema tu, "Haya, Eloy Expósito, hebu niambie, yule bibi mwenye kofia anakula na nani hata abebe pweza wawili?"

Eloy akasimama pale na mfuko wake mtupu, akampenda.

Zamu ya Nieves ilipofika, pweza alikuwa amebaki mmoja. Eloy akaomba akatwe nusu kwa nusu. Muuza samaki akamwangalia kama ameomba akatiwe mtoto. "Pweza hakatwi nusu, kijana. Elewaneni."

"Basi nitampika mimi," akasema Nieves, "na wewe utaleta viazi. Na ukichelewa nitakula peke yangu."

Eloy alifika mapema, na viazi vya kulisha kikosi cha jeshi.

*

Ikawa simu zisizokwisha. Eloy alipiga kila alipopata mapumziko, akiwa amekaa ngazini kwenye jengo la watu, anakula mkate wake.

"Mpenzi, niko mtaa wa Delicias. Nasoma majina kwenye masanduku ya barua."

"Huna kazi?"

"Kazi ninayo, vipuri sina. Sikiliza. Ghorofa ya kwanza Herrero, babu yao alifua vyuma. Ya pili Molinero, alisaga ngano. Ya tatu López na López. Mume López na mke López, wala si ndugu."

"Kazini kwetu tunao López wanne. Bosi akiita López hawaitiki hata mmoja, kila mtu anasema alidhani ameitwa mwenzake."

"Unajua ninachopenda kwenye masanduku haya? Mke yupo na jina lake, mume yupo na lake, hakuna aliyemmeza mwenzake. Siku moja nataka langu na lako kwenye kibati kimoja."

"Ansobarre na Expósito? Hicho kibati kitakuwa kirefu kuliko sanduku."

"Nitakikunja."

"Wewe ni kichaa, kipenzi changu. Acha nikate, taa imewaka kijani."

"Unaendesha?!"

"Nakutania, niko kituoni. Kula mkate wako."

Walihamia pamoja wakati wa baridi kali, upepo wa kaskazini unapoingia kwenye mifupa na kusahau kutoka. Masika yalipofika, Nieves alikuwa na mimba. Eloy akafurahi mpaka akaanza kusalimia watu asiowajua kwenye lifti. Mambo yalikuwa mazuri. Kisha ikaja Jumapili ya chakula cha mchana kwa baba yake Nieves.

Don Anselmo Ansobarre alikuwa mjane, tarishi mstaafu, na mtu aliyenyoa ndevu hata siku asizotoka. Alivaa tai kwenye meza yake mwenyewe. Alikuwa na mambo mawili ya kuzungumza: bei za siku hizi, na jina lake. La kwanza unaweza kumnyamazisha. La pili, huwezi.

"Ansobarre ilikuwa kijiji," alianza, mwanakondoo wa kuchoma akiwa bado hajakatwa.

"Baba, Eloy anajua."

"Milimani huko. Nyumba, kanisa, kisima. Watu wakashuka mijini mmoja mmoja, na leo hakuna hata mbuzi. Paa la kanisa limeanguka. Kilichobaki cha Ansobarre ni jina, na wa mwisho anayeweza kulirithisha ni binti yangu. Ndugu zangu walizaa wasichana watupu. Na wasichana, unajua mwenyewe kijana, jina la baba linakuja mbele, la mama linakaa nyuma, na mtoto akizaa, lile la nyuma linaachwa njiani. Mahali pa pili ni chumba cha kusubiria kifo."

"Siku hizi sheria imebadilika, Don Anselmo," akasema Eloy taratibu. "La mama linaweza kutangulia, wazazi wakikubaliana."

"Ndilo ninalotaka kuuliza! Mmekubaliana? Maana likishawekwa kwa mtoto wa kwanza, wadogo zake wote wanafuata hivyo hivyo. Hakuna kurudi nyuma."

Eloy akaweka uma chini. Alikuwa na la kusema, na alikuwa ameliandaa. Lakini Nieves alikuwa amechoka. Miguu imemvimba, kichefuchefu hakijampa nafasi tangu asubuhi, na hadithi ya kanisa lililoanguka ameisikia tangu akiwa na meno ya utoto. Alitaka tu iishe.

"Baba, jamani, kula! Ansobarre litakaa mbele, imekwisha. Eloy hana neno. La kwake ni jina la watoto waliookotwa, nani atalililia? Atashukuru kulisukuma nyuma."

Alilisema kwa mzaha, huku akijimiminia maji. Don Anselmo akashusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Eloy alikunja kitambaa chake cha mezani mara mbili, akakiweka kando ya sahani.

"Nimekumbuka kuna lifti inanisubiri," akasema.

"Jumapili?" akauliza Nieves.

"Lifti haziendi kanisani."

Akavaa koti. Kahawa hakuinywa, na yale matunda yaliyopakwa chokoleti anayoyapenda hakuyagusa. Usiku ule alilala kwa dada yake.

*

"Uko wapi?" Nieves alipiga kesho yake.

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya lifti."

"Eloy, nimekukosea nini? Niambie kwa lugha ya binadamu."

"Ukifikiri utajua."

"Nina mimba, nina tramu, nina baba! Unataka niongeze na mafumbo? Ni lile jina? Si mwenyewe ulisema sheria inaruhusu?"

"Nilisema wazazi wakikubaliana."

"Basi kubali!"

"Kukubali na kukubaliana ni mamoja kwako?"

"Eh! Nitakurushia simu hii."

"Utairushaje kwa simu?"

Nieves akakata. Akapiga tena. Akakata tena kabla hajapokelewa. Siku moja alimwona kwenye kituo cha Plaza de España, amesimama na sanduku lake la vifaa. Tramu ikasimama, milango ikafunguka, abiria wakapanda, Eloy hakupanda. Walitazamana kupitia kioo cha mbele mpaka abiria mmoja akagonga, "Dada, tumekufa au tunakwenda?" Nieves akaondoka na machozi ya hasira, akakaribia kupita kituo kilichofuata.

Tusimhukumu haraka. Alikuwa akimpenda. Lakini alikulia kwenye nyumba ambamo jina moja lilipewa kiti cha mbele kila siku, na aliyekulia hivyo haoni kama majina ya wengine nayo yanataka kukaa. Wala Eloy hakuwa malaika. Angeweza kusema. Alichagua kununa, kwa sababu kununa hakuhitaji maneno, na maneno kuhusu jambo lile yalikuwa hayajawahi kumtoka mdomoni.

Wiki zikapita hivyo, tumbo linakua, simu zinakatwa.

*

Lifti ya jengo la Don Anselmo ilikuwa mzee mwenzake, ya milango ya chuma na kioo kidogo cha mviringo. Asubuhi moja ya Juni ilimpandisha na mkate wake na gazeti lake, ikafika kati ya ghorofa ya nne na ya tano, ikakohoa, ikasimama. Alibonyeza kengele mpaka kidole kikamuuma. Jirani akapiga simu kwa kampuni ya mafundi, kisha akampigia Nieves. Nieves alikuwa amemaliza zamu. Alikimbia jinsi mjamzito anavyokimbia, yaani alitembea akitukana.

Alipofika, ilimbidi apande ngazi. Karibu na ghorofa ya nne akasikia sauti mbili anazozijua, akasimama, ameshika ukuta, anatafuta pumzi.

"Fungua mlango huu!" ilikuwa sauti ya baba yake, ndani ya chuma.

"Sifungui, Don Anselmo. Nikifungua sasa utatumbukia kwenye shimo la lifti. Mwenzangu anakuja na kipuri. Kaa chini, kula mkate."

"Kwa nini wamekutuma wewe? Zaragoza nzima haina fundi mwingine?"

"Leo zamu yangu. Nami sikufurahi."

Kisha sauti ya karatasi ikikunjuliwa.

"Umemwacha binti yangu na mimba yake," akasema mzee.

"Sikumwacha. Nimenuna."

"Mwezi mzima?"

"Najua. Hata mimi nimejichoka."

"Kwa ajili ya jina! Mimi nikililia Ansobarre naeleweka. Wewe unalilia nini? Ukipenda unalibadilisha kesho, sheria ya hilo jina ni rahisi kuliko kununua stempu!"

Eloy alikaa kwenye ngazi, mgongo kwa Nieves, bisibisi mkononi. Aliifuta bisibisi kwenye ovaroli yake.

"Babu wa baba yangu aliitwa Sixto," akasema. "Sixto, kwa sababu aliokotwa siku ya Mtakatifu Sixto. Watoto waliachwa kwenye kisanduku cha kuzungushwa ukutani mwa hospitali. Mama anaweka mtoto upande wa barabarani, anazungusha, mtawa anapokea upande wa ndani, hawaonani nyuso. Alikua akawa mwashi. Akapata mchumba. Baba yake mchumba akasema, binti yangu haolewi na Expósito, nenda kalibadilishe. Sheria ikaruhusu, kama unavyosema. Akavaa shati safi akaenda."

"Akawa nani?"

"Akarudi Expósito. Mkwe akapiga meza. Sixto akamwambia: walioniacha hawakuniachia jina. Hili nilipewa na mikono iliyoniokota. Nikilitupa, nitakuwa nimetupwa mara ya pili, na safari hii nimejitupa mwenyewe."

Ndani ya lifti gazeti likakunjwa.

"Wakamwoza?" mzee akauliza.

"Wasingemwoza, ningekuwa nimekaa hapa?"

"Hm." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Kwa hiyo unataka lako litangulie."

"Hapana! Ndilo hasa linalonitia wazimu! Siku ile pale mezani nilikuwa nimekuja kukupa mahali pa mbele. Nilikuwa nimeiandaa hotuba, nimeifanyia mazoezi kwenye lifti saba. Ansobarre likiachwa linakufa. Expósito halifi, Don Anselmo. Popote mtoto alipowahi kuokotwa nina ndugu. Nilitaka kulitoa mwenyewe, kwa mkono wangu. Badala yake likatupwa kama ganda la ndizi."

"Sikujua," ikasema sauti nyingine.

Eloy akageuka. Nieves alikuwa amekaa kwenye ngazi za chini yake, uso umewiva, nywele zimemganda kwenye paji, sare ya kazi imefunguka vifungo viwili mbele ya tumbo.

"Umekuja kwa miguu? Na hali hiyo?"

"Lifti mbovu! Fundi amekaa anapiga hadithi!" Akajifuta macho kwa kiganja. "Eloy, sikujua. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Siku ile sokoni nilikutajia jina langu, ukaniangalia bila kupepesa macho. Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo. Nikasema huyu amenielewa, sihitaji kueleza kitu tena maisha yangu yote."

Nieves alikuwa mkweli kwa kiasi cha kujidhuru.

"Eloy. Nilikuwa namwangalia pweza."

"Nini?"

"Walikuwa wanakwisha! Na yule bibi wa kofia alikuwa anarudi! Hata ungesema unaitwa Shetani Mkubwa nisingepepesa."

Eloy akamkodolea macho. Kutoka ndani ya lifti kikatoka kicheko kikavu cha mtu asiyezoea kucheka, kikawa kikohozi.

"Miezi minane," akasema Eloy. "Miezi minane nimempenda mwanamke kwa ajili ya pweza."

"Na viazi. Usisahau viazi."

Hapo akacheka, hakupenda lakini akacheka, akahamisha sanduku la vifaa ili Nieves apande akae kando yake. Alinuka grisi. Nieves akamshika mkono, doa na yote.

"Nilisema neno baya mbele ya baba yangu," akasema taratibu. "Sasa nasema lingine mbele yake, tena kwa bahati hawezi kukimbia. Expósito ni jina zuri. Limekuja na watu waliompokea mtoto. Nakuuliza, kama nilivyotakiwa kukuuliza tangu mwanzo: mtoto wetu aitweje?"

"Ansobarre Expósito."

"Mimi sasa nataka Expósito Ansobarre."

"Nieves!"

"Nimeguswa! Naruhusiwa kuguswa!"

"Nimekwisha kulitoa! Mtu akitoa zawadi hairudishwi!"

"Na mimi nitoe nini, kila siku wewe ndiye mwema?"

"Mkigombana tena," ikanguruma sauti ndani ya chuma, "nitamwita mtoto huyo kwa jina la mwenye lifti! Kijana amesema Ansobarre Expósito. Mimi nimesikia, ukuta umesikia. Na wewe binti, kama unataka kutoa kitu, olewa naye, ili niache kumtambulisha kwa majirani kama 'yule fundi'."

Nieves akamtazama Eloy. "Umesikia ukuta?"

"Nimesikia."

"Basi?"

"Basi nitatengeneza kibati cha sanduku la barua," akasema Eloy. "Kirefu. Bila kukunja."

Ndipo mwenzake akatokea chini na kipuri, akiuliza kwa nini watu wanabusiana wakati mzee yuko kwenye lifti.

*

Mtoto walikubaliana aitwe jina lolote isipokuwa Pilar. Alizaliwa siku ya Bikira wa Pilar, alfajiri, fataki zikilia nje. Wakunga, shangazi, majirani na dereva wa teksi wakasema jina limejileta lenyewe. Nieves alipinga kwa siku nzima, akachoka, akasalimu amri.

Kabla ya Krismasi walikwenda Soko Kuu kutafuta pweza. Eloy alisukuma kigari kitupu cha mtoto, Nieves alilinda zamu, na Don Anselmo, tai shingoni, alikuwa amembeba mjukuu wake kana kwamba ni barua ya rejesta. Mwanamke mmoja kwenye meza ya mboga akaita, "Pilar!" Nusu ya soko ikageuka. Mtoto naye akageuza kichwa.

"Yesu, ameanza," akasema Nieves.

Mama mmoja mnene mwenye kapu akawasogelea. "Nani wa mwisho?"

"Sisi," akajibu Don Anselmo.

"Lo, kazuri! Kanaitwaje?"

Watu wengi hapa hutaja jina na ukoo mmoja, la pili huliacha nyumbani. Don Anselmo alinyoosha mgongo. "Pilar Ansobarre," akasema, kisha akapandisha sauti kidogo, "Expósito." Akamkazia yule mama macho, kidevu juu, akisubiri kuona kama atapepesa.

Hakupepesa. Alikuwa anaangalia pweza.